Ramani Inayofunguka Ras Kisimani: Kipimo Halisi cha Huduma za Kijiografia Mtandaoni

MAFIA: Ras Kisimani ni ncha ya nchi kavu iliyoko magharibi mwa Kisiwa cha Mafia, Mkoa wa Pwani, ikitazamana na Delta ya Rufiji ng'ambo ya mlango bahari wenye upana wa takriban kilomita 20. Hapo ndipo uliposimama mji wa kale wa Kisimani Mafia, ambao mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchimbua na kuchapisha ripoti yake mwaka 1961. Sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kumezwa na bahari, na mawimbi yanaendelea kuula ufukwe.

Kwa mahali kama hapa ramani si pambo la ukutani. Mvuvi anahitaji kujua upepo unakoelekea, mtendaji wa kijiji anahitaji kujua nyumba zipi ziko karibu na maji, na mwokoaji anahitaji kuifikia nyumba hiyo usiku. Wote watatu hutegemea simu ya mkononi, na mara nyingi ni simu ya bei nafuu inayopokea mawimbi hafifu ya mtandao.

Katika miaka ya karibuni Tanzania imepiga hatua kubwa katika kutengeneza taarifa za kijiografia. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi katika kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha za anga kwa ndege zisizo na rubani. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi jijini Dodoma, na Agosti 23 mwaka huohuo Sensa ya Watu na Makazi ikafanyika kwa kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Wilaya ya Mafia peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 66,180.

Taarifa, kwa hiyo, zipo. Swali la sasa ni jingine: je, ramani iliyojengwa kwa taarifa hizo inamfungukia mwananchi aliye mbali zaidi na makao makuu, kwa wakati anaouhitaji?

Siku nane za Mei 2024

Matukio mawili ya Mei 2024 yanaonesha uzito wa swali hilo. Mei 4 Kimbunga Hidaya kilitua katika Kisiwa cha Mafia na hapo kikapoteza nguvu, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kutoa taarifa mfululizo kuhusu mwenendo wake. Siku nane baadaye, Mei 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika kipande kinachoiunganisha Afrika Mashariki na Afrika Kusini, na huduma za intaneti nchini zikazorota kwa kiwango kikubwa.

Matukio hayo hayakuhusiana, na hayakutokea siku moja. Hata hivyo, hakuna kanuni ya asili inayozuia yasitokee pamoja. Siku ya kimbunga ndiyo siku ambayo maelfu ya watu hufungua ramani ileile kwa saa moja, na ndiyo siku ambayo mtandao huwa dhaifu kuliko siku zote. Mfumo unaofanya kazi vizuri asubuhi tulivu ofisini haujathibitika bado.

Vipimo kabla ya dawa

Mfumo wa ramani unapolalamikiwa kuwa mzito, jibu la haraka huwa ni kununua seva kubwa zaidi. Hiyo ni sawa na kumwandikia mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Safari ya ramani kutoka kwenye hifadhi hadi kwenye kioo cha simu ina vituo vinne: kanzidata inayotafuta taarifa, seva inayozichora, mtandao unaozisafirisha na simu inayozionesha. Seva kubwa haimsaidii mtu ambaye tatizo lake liko katika kituo cha tatu au cha nne.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu, basi, ni kuugawa muda wa kusubiri kwa kila kituo. Vivinjari vya kawaida vina kidirisha kinachoonesha kila faili lililoombwa, uzito wake na muda liliotumia. Kumbukumbu za seva huonesha maombi yapi yalichelewa. Kanzidata nayo inaweza kuagizwa ieleze njia iliyopita katika kutafuta jibu. Mara nyingi vipimo hivyo vitatu hutosha kuonesha kasoro ilipo.

Kosa la pili ni kuridhika na wastani. Tuseme watu 100 wanafungua ramani: 90 kati yao wanaipata kwa sekunde 1, na 10 wanaisubiri kwa sekunde 30. Wastani wake ni sekunde 3.9, na taarifa ya utendaji itasema mfumo unaridhisha. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyesubiri sekunde 3.9. Wale 10 ndio wanaoishi mahali kama Ras Kisimani, na wastani umewafuta. Taarifa ya haki hueleza asilimia 5 au 10 ya watumiaji waliohudumiwa kwa taabu zaidi walisubiri muda gani, na walikuwa wapi.

Hesabu ya vigae

Mifumo ya mwanzo ya ramani za mtandaoni ilichora picha mpya kwa kila ombi. Watu 1,000 walipoomba eneo lilelile, seva iliichora picha ileile mara 1,000. Utaratibu uliozoeleka duniani tangu mwaka 2005, ilipozinduliwa Google Maps, ni wa kuikata ramani katika vipande vidogo vya mraba vinavyoitwa vigae. Vigae huandaliwa mapema, huhifadhiwa, na kila anayeomba hupewa kilichokwisha kuandaliwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika kiwango cha 0 dunia nzima ni kigae kimoja. Kila kiwango cha ukuzaji kinapoongezeka, kila kigae hugawanyika kuwa vinne. Kiwango cha 10 kina vigae 1,048,576, na kiwango cha 18, ambacho huonesha nyumba mojamoja, kina zaidi ya bilioni 68. Hakuna taasisi yenye sababu ya kuviandaa vyote.

Lakini Mafia si dunia nzima. Mraba wa kilomita 50 kwa 50 unakifunika kisiwa kikuu pamoja na Chole, Juani na Jibondo. Katika kiwango cha 14, kinachotosha kuonesha vijiji, barabara na umbo la ufukwe, kigae kimoja hufunika takriban kilomita 2.4 kila upande, na mraba huo huhitaji vigae takriban 450. Ukijumlisha viwango vyote vya chini yake, idadi hiyo inafika 600 hivi. Kigae kikiwa na uzito wa kilobaiti 20, ramani yote ni megabaiti 12, yaani uzito wa picha chache zilizopigwa kwa simu.

Maana ya hesabu hiyo ni kubwa. Mtendaji wa kijiji au nahodha wa chombo anaweza kupakua ramani nzima ya wilaya siku mtandao ulipo mzuri, akaitumia siku usipokuwapo. Kiwango cha 18 kwa eneo hilohilo kingezidi vigae 100,000 na gigabaiti 2. Hicho kiandaliwe kwa makazi ya watu tu, si kwa bahari tupu.

Picha za anga zinahitaji uangalifu zaidi. Picha ambayo kila chembe yake ni sentimita 10 ina chembe milioni 100 katika kila kilomita moja ya mraba, na bila kubanwa huwa na uzito wa takriban megabaiti 300. Picha hiyo ikiwekwa mtandaoni jinsi ilivyotoka kwenye ndege, mtumiaji wa simu hataiona kamwe. Sharti ikatwe vigae na kutengenezewa nakala za viwango vya chini kabla ya kutolewa kwa umma.

Mikoko na faharasa

Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na ukingo wake umejipindapinda kwa vijito visivyohesabika. Ukingo kama huo ukihifadhiwa kwa usahihi huwa na maelfu kwa maelfu ya nukta. Mtu anayeitazama Pwani yote kwenye kioo cha inchi sita hawezi kuziona nukta hizo, lakini mfumo usiotunzwa utamtumia zote na simu yake itakwama ikijaribu kuzichora. Tiba yake inajulikana tangu mwaka 1973, David Douglas na Thomas Peucker walipochapisha kanuni ya kupunguza nukta za mstari huku umbo lake likibaki. Ukingo uhifadhiwe kwa viwango kadhaa vya usahihi, na kila mtazamaji apewe kinacholingana na umbali anaotazamia. Ndivyo ilivyo pia kwa mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822.

Kwenye kanzidata, kasoro ya kawaida ni kukosekana kwa faharasa ya kijiografia. Ofisa anapoomba majengo yaliyo ndani ya kijiji kimoja, kanzidata isiyo na faharasa hulikagua kila jengo la nchi nzima, moja baada ya jingine. Yenye faharasa huenda moja kwa moja kwenye eneo linalotakiwa, kama msomaji anayefungua kamusi kwenye herufi anayoitaka. Kuiweka faharasa hiyo ni kazi ya dakika chache katika programu huria zilizopo, na huweza kugeuza dakika za kusubiri kuwa sehemu ya sekunde.

Umbali una gharama

Taarifa husafiri ndani ya mkongo kwa kasi ya karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi mara moja ni sehemu ya kumi ya sekunde. Kabla kigae cha kwanza hakijatumwa, simu na seva hupeana taarifa mara tatu au nne: kutafuta anwani, kufungua mawasiliano, kukubaliana usalama, kisha kuomba. Karibu nusu sekunde imekwisha na hakuna kilichoonekana. Kwenye mtandao dhaifu wa simu muda huo huongezeka mara kadhaa.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kuweka mifumo ya umma katika vituo vya kuhifadhi data vilivyoko nchini, kikiwamo cha Taifa kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam. Lakini somo la Mei 12 lina upande wa pili. Mfumo unaweza kuwa na seva nchini huku ukiagiza maandishi, vipande vya programu au picha ya setilaiti kutoka nje ya nchi kila unapofunguliwa. Mkongo wa baharini ukikatika, mfumo huo hukwama kana kwamba seva yake nayo ingekuwa ughaibuni. Taasisi zinapaswa kuorodhesha kila kitu ambacho ramani yao huagiza kutoka nje, na kukileta ndani.

Ramani ya jana, tahadhari ya leo

Kuhifadhi ramani kwenye simu kunazua hoja ya haki: ufukwe wa Ras Kisimani unabadilika, na ramani ya zamani inaweza kupotosha. Jibu lake ni kutenganisha kinachobadilika taratibu na kinachobadilika haraka. Barabara, vijiji na umbo la kisiwa hubadilika kwa miezi na miaka. Hivyo vihifadhiwe kwenye simu, vikiwa na tarehe iliyoandikwa wazi na utaratibu wa kuvihuisha. Tahadhari ya kimbunga hubadilika kwa saa. Hiyo itumwe kama tabaka jepesi la kilobaiti chache, lenye mstari wa njia ya kimbunga na maneno mafupi ya Kiswahili, juu ya ramani ambayo mtumiaji tayari anayo. Mtandao dhaifu hauwezi kubeba ramani nzima, lakini unaweza kubeba ujumbe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kumfikia kila mwananchi, na lengo hilo litapimika pale tu taasisi zitakapopima mifumo yao mahali mwananchi alipo. Mengi kati ya hayo hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji ofisa anayeshuka kivukoni Kilindoni akiwa na simu ya kawaida, anayeifungua ramani ya taasisi yake huko ufukweni, anayehesabu sekunde na kurudi na takwimu hizo ofisini.

Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa kawaida huanza Novemba na kumalizika Aprili. Hidaya kilifika Mei. Vipimo hivyo vinafaa kufanyika sasa, bahari ingali shwari.