Mlipuko Peke Yake Sio Sinema

Wadau, leo nina ugomvi na nusu ya bweni. Kila Ijumaa hoja ni ile ile: picha kali ni iliyokula mamilioni ya dola, maghorofa yaanguke, maroboti yapigane, steringi atoke bila hata mkwaruzo. Mimi nasema hapana, tena kwa sauti.

Hebu niambieni, Transformers ya 2007 iliwaachia swali gani? Machuma yanakabana dakika kibao, hujui yupi ni yupi, ikiisha mnaenda kula chipsi. Basi.

Sasa chukua Primer ya 2004. Shane Carruth aliitengeneza kwa kama dola 7,000 tu. Kaandika mwenyewe, kaongoza, kaigiza, na muziki katunga. Ni mainjinia wawili na boksi ndani ya gereji, boksi linalowarudisha nyuma masaa machache. Kinachotisha pale ni jinsi marafiki wanavyoacha kuaminiana. Mwaka huo huo ikabeba tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la Sundance, Marekani.

Mtasema macho nayo yanataka kushiba. Sawa! Ex Machina ya Alex Garland ilitumia kama dola milioni 15, na karibu yote inatokea kwenye nyumba moja. Mwaka 2016 ikachukua Oscar ya ufundi wa picha za kompyuta mbele ya Star Wars: The Force Awakens, iliyokula zaidi ya milioni 200. Unamwona kabisa Ava ana mashine tumboni, halafu bado unamwonea huruma. Huo ndio ufundi wenye kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya mapicha makubwa yametufundisha kisingizio. Kila nikisema tuandike hadithi ya sayansi ya kwetu, jibu ni "hela hatuna". Jamani, Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa Pumzi mwaka 2009, dakika kama 20 tu: baada ya vita vya maji, watu wanasafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Sisi tunaopandisha ndoo ghorofa ya tatu kila maji yakikatika, kweli hatuna la kuwaza?

Bumu halinunui roboti, najua. Lakini gereji, chumba kimoja na watu wawili wasioaminiana vinatushinda nini?

Anayebisha aje na flashi yake. Tuangalie kwanza, halafu tubishane.