Kupiga Picha Pasipo Kupiga Hodi

Kitenzi "kupiga" ni mtumishi wa kazi nyingi katika lugha yetu. Twapiga hodi, twapiga kura, twapiga pasi, twapiga bunduki, na twapiga picha. Sisi walimu huwafundisha wanafunzi matumizi hayo yote kwa siku moja, kisha twafuta ubao na kwenda zetu. Lakini yafaa tujiulize: huku kupiga picha kwetu kunakaribiana na kitendo kipi zaidi, kupiga hodi au kupiga bunduki? Twauliza kwa sababu ya yale tuliyoyaona katika safari za shule kwenda mbuga za taifa. Nasi twasema bila kuficha kwamba tumewaachia watoto wetu wapige picha ya mnyama kabla hatujawafundisha kubisha hodi kwake.

Kutoka hapa Namakwekwe, basi la wanafunzi hupita Soroti, Lira na Karuma mpaka lango la Tangi, kuingia Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls iliyoanzishwa mwaka 1952. Ni safari ndefu, na mzazi huilipia kwa jasho lake. Mara ya mwisho tulipofuatana na watoto, tembo wa kwanza alipotokea simu zote zilikuwa juu. Wengine walimpa mnyama mgongo ili wajipige picha pamoja naye. Kelele zilipozidi, mama tembo alitandaza masikio, akamsogeza mwanawe nyuma yake. Sisi walimu tulicheka pamoja na watoto.

Jumatatu tukawapa insha. Karibu zote zilisema, "Tuliona wanyama wengi wazuri," zikaishia hapo. Kongoni aliitwa swala, kuro akaitwa swala, na taya naye akaitwa swala. Picha mia kwa jina moja! Hakuna aliyeandika habari za masikio ya yule mama, ingawa yalikuwamo katika kila simu. Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Ama sisi tumelea watoto wenye macho ambao wameiachia simu kazi ya kutazama.

Kamera na bunduki ni marafiki wa zamani katika nchi zetu. Mjerumani C. G. Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku katika Tanganyika ya ukoloni wa Kijerumani, alitoa kitabu mwaka 1905 ambacho jina lake lilitaja taa na bunduki kwa pamoja. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alifika Afrika Mashariki, akapita na Uganda. Mwanawe Kermit alichukua kamera na bunduki, na baina yao wawili wakaua wanyama zaidi ya 500. Hata hao "watano wakubwa" wanaosakwa na kila msafiri, yaani simba, chui, tembo, nyati na kifaru, waliteuliwa na wawindaji kwa ugumu na hatari ya kuwawinda kwa miguu. Mtoto anayehesabu watano hao katika simu yake anaendeleza hesabu ya mwindaji bila kujua.

Na tusijidanganye kwamba picha humhifadhi mnyama. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 tulikulia katika nchi ambayo vifaru wake walikuwa wakimalizwa na majangili. Kufikia miaka ya katikati ya 1980 hakusalia hata mmoja porini. Picha tulikuwa nazo tele vitabuni. Vifaru hatukuwa nao. Walirudishwa kuanzia mwaka 2005 huko Ziwa, wilayani Nakasongola, wengine wakitoka Kenya na wengine Marekani, na hulindwa na askari mchana na usiku.

Wala ugonjwa huu si wa watoto wetu peke yao. Mwezi wa Julai 2025 ulimwengu uliona watalii katika Serengeti, nchini Tanzania, wameshuka magarini na kujipanga ukingoni mwa mto kwa ajili ya picha, wakiwazibia nyumbu njia yao ya kuvukia. Hao ni watu wazima waliosoma.

Watasema wenzetu kwamba picha huwavuta wageni, na wageni huleta fedha. Ni kweli, na sheria ya Uganda yatenga asilimia 20 ya viingilio vya mbuga kwa ajili ya majirani zake. Hatuipingi kamera. Twapinga pupa. Kule Bwindi mgeni hupewa saa moja tu ya kukaa na sokwe wakubwa, wala haruhusiwi kuwamulika kwa taa ya kamera; wageni wanatii, na bado wanakuja.

Basi twapendekeza hivi. Kabla ya safari, kila mwanafunzi ajifunze majina 20 ya wanyama kwa Kiswahili, na majina yao kwa lugha ya nyumbani kwake. Mbele ya kila mnyama, simu zikae mifukoni kwa dakika tano za kimya, kisha zitolewe. Jioni kila mmoja aandike jambo moja alilolitenda mnyama. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule zetu. Je, tutakijaza nini somo hilo, kama si mambo ya nchi yetu wenyewe?

Na asiye na nauli ya Murchison asikate tamaa. Juu ya vichwa vyetu pamesimama Wanale, na nyuma yake mlima Elgon, mbuga ya taifa tangu mwaka 1993, ambamo mbega wanaruka mitini. Tuwapeleke watoto huko. Wapige hodi kwanza.