Oktoba Ufuoni mwa Kisumu: Likizo na Kimya cha Kiswahili

Kila mwaka ifikapo Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, mabasi na ndege kutoka Nairobi huwateremsha Kisumu watu waliochoshwa na jiji kuu. Aghalabu shughuli zao ni zile zile: ngege wa kukaanga kwa ugali na mboga za kienyeji, mashua ya kutoka Dunga kwenda kuwatazama viboko, na hatimaye picha ya jua likizama katika Nam Lolwe, ziwa ambalo ramani za wakoloni zililibandika jina la malkia wao. Hapana ubaya wowote katika hayo. Wavuvi, wapishi na waendeshaji wa bodaboda hupata riziki kutokana na likizo hizo, na ufuo unaovamiwa na gugumaji mara kwa mara hauna anasa ya kuwachagua wageni wake.

Siku tano tu baada ya sikukuu hiyo, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta, hupita tarehe nyingine isiyotajwa katika matangazo ya hoteli. Mnamo Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai mwaka huo, na machungu yalikuwa mabichi. Rais na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, walirushiana maneno hadharani. Umati ukachafuka, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilikiri vifo vya watu 11, ilhali masimulizi mengine hutaja idadi kubwa zaidi, wakiwemo watoto. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini. Hospitali yenyewe leo ina jina la Jaramogi, ingawa wenyeji wengi wangali wanaiita "Russia".

Jambo linalopasa kumshughulisha mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba ugomvi ule ulitamkwa kwa Kiswahili. Hotuba ya Rais siku ile, pamoja na matusi na vitisho vyake, haikuwa ya Kiingereza wala Kigikuyu. Lugha ambayo vyama vya wanafunzi huisifu kwa kuunganisha makabila ndiyo iliyobeba vitisho vile hadi masikioni mwa raia. Hata hivyo, kumbukumbu ya tukio hilo huhifadhiwa zaidi katika Kidholuo na katika Kiingereza cha wanahistoria na cha ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Katika fasihi ya Kiswahili ni nadra kulikuta. (Mihadhara juu ya "fasihi na jamii", kwa upande wake, haijapungua.)

Yamkini mtu atapinga kwamba msafiri hufuata upepo wa ziwa, hakufuata makaburi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini Unguja inalijibu. Mgeni huzuru Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, akasikiliza masimulizi yake, na jioni akaogelea Nungwi bila kuona kwamba likizo yake imeharibiwa. Kisumu, kinyume chake, humwacha mgeni apite nje ya hospitali ile akidhani ni jengo kama majengo mengine.

Waliokuwa watoto wa shule wakati huo, waliopangwa kandokando ya barabara kumlaki Rais, sasa wamepita miaka sitini. Wengi wao wanakijua Kiswahili cha kutosha kusimulia. Idara zinazowatuma wanafunzi nyanjani kila mwaka kukusanya methali na nyimbo za harusi zingeweza kuwatuma Kisumu mwezi Oktoba wakiwa na vinasa sauti. Kutoka Dunga hadi "Russia" si mbali kwa bodaboda, na ngege atakuwapo jioni.