Kitanda changu kimetoka msitu gani?

Leo naomba tuzungumze kuhusu vitanda. Msicheke, mtaona ninakoelekea.

Juzi nilisimama kando ya Barabara ya Ngong, hapa Nairobi, nikiuliza bei ya kitanda. Fundi akagonga ubao kwa vidole, akaniambia, "Bosi wangu, hii ni mahogani ya Kongo. Mchwa hawaigusi. Hata wajukuu wako watailalia." Nikamuuliza, Kongo sehemu gani? Akacheka. "Kongo ni Kongo, bosi. Inapitia Uganda."

Jibu lile limeninyima usingizi kuliko ukosefu wa kitanda.

Kongo si ghala la mbao. Mbao nyingi za namna hii hutoka mashariki mwa nchi hiyo, Ituri na Kivu Kaskazini. Huko mti huangushwa na kupasuliwa papo hapo msituni kwa msumeno wa mashine, mbao zikabebwa hadi barabarani, zikavuka Uganda, zikaingia kwetu kupitia Busia au Malaba.

Na Ituri si kichaka. Ni msitu wa mvua ambamo kuna sehemu karibu miti yote mirefu ni ya aina moja, mbau, na kivuli chake ni kizito hata mchana. Humo wanaishi Wambuti. Humo anaishi okapi, ndugu yake twiga, ambaye porini hapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Hifadhi ya okapi ilianzishwa mwaka 1992, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata tu, kwa sababu ya vita, ikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Juni 2012 wanamgambo walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu, wakiwemo askari wa wanyamapori, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo.

Sisemi kitanda cha Barabara ya Ngong ndicho kilichowaua. Kuna dhahabu, kuna pembe za ndovu, kuna bunduki. Lakini mbao hufungua njia. Mti mmoja ukiangushwa msitu haufi, ila ile njia inabaki. Anaifuata mwindaji na mitego yake, halafu mwenye kutafuta shamba. Ndovu wa msituni, ambaye hula matunda na kuzidondosha mbegu mbali na mti mama, mwaka 2021 aliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Akitoweka yeye, nani atapanda miti ya kesho?

Sasa tujitazame wenyewe. Februari 2018 serikali yetu ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikashangilia pamoja na wenzangu. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo, na tukapiga kelele. Sawa. Lakini katika miaka ile mitano, je, kuna aliyeacha kulala kitandani? Milango ya nyumba mpya ilitengenezwa kwa karatasi? Tulifunga mlango wetu, tukaenda kubisha kwa jirani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Msitu wa Mau ukikatwa ni janga la taifa, wa Ituri ukikatwa ni mahogani.

Fundi simlaumu. Anatafuta unga. Yule mpasua mbao wa Ituri naye ana watoto wa kusomesha. Wala sitaki marufuku nyingine, tumeshaona inavyohamisha shoka tu. Ninachotaka ni kujua ubao umetoka wapi. Septemba 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao. Kongo haikuwemo. Lakini tangu 2022 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kisingizio kimekwisha. Lori la mbao lisivuke mpaka bila hati inayoonyesha ni msitu upi na ni nani aliyeruhusu. Na serikali ianze na madawati na milango inayonunua yenyewe.

Sisi nasi tuulize. Ndiyo, fundi atacheka. Akiulizwa na wateja kumi kwa siku, atampigia simu anayemuuzia. Na kwa mambo mengi saiprasi ya kupandwa inatosha kabisa.

Mimi kitanda sijanunua bado. Godoro liko sakafuni, na mama akija atanigombeza. Wewe je, unajua chako kimetoka msitu gani?