Godoro la Mtu Mzito

Leo twataka kusema juu ya chombo ambacho mwanadamu hukitumia karibu theluthi moja ya maisha yake, wala hakifikirii ila siku ya kukinunua. Chombo hicho ni godoro, ambalo wengi wa kwetu huliita matela. Na tutasema hasa juu ya godoro la mtu mwenye mwili mzito, yaani aliyepita kilo 100 au aliye karibu nazo. Yeye ndiye adanganywaye upesi zaidi dukani, na ndiye aonaye haya zaidi kulalamika.

Katika nchi yetu mwili mkubwa husifiwa mchana. Watu husema, mama yule ametunzwa vema, au baba yule ni mtu wa heshima. Lakini usiku ukifika, sifa hizo hazibebi mgongo. Tena siku kitanda kivunjikapo, wale wale waliosifu ndio wachekao. Mzaha huo haufai katika nyumba ya Kikristu. Mkumbuke yule mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne mpaka juu ya dari, akashushwa mbele ya Bwana wetu. Injili haisemi kwamba mmoja wao alinung'unika kwa ajili ya uzito wake. Walitafuta njia ya kumfikisha, basi. Nasi tufanye vivyo hivyo: tusimcheke mtu mzito, bali tumtafutie mahali pa kulala panapomfaa.

Kwanza tufahamu jinsi godoro linavyofanya kazi. Mtu alalapo ubavu, bega na nyonga huwa na uzito mwingi, kiuno huwa na uzito kidogo. Godoro jema huacha bega na nyonga ziingie kidogo, nalo hukijaza kiuno kwa chini, hata uti wa mgongo ukakaa sawasawa kama kamba iliyovutwa. Godoro dhaifu huacha nyonga izame mpaka igonge mbao za kitanda, na mgongo hupindika kama mtumbwi. Mtu mwepesi huenda asilione kosa hilo kwa miaka mitatu. Mtu wa kilo 110 huliona kabla mwaka haujaisha: shimo katikati, maumivu ya kiuno asubuhi, na uchovu usioondoka hata baada ya kulala saa nane.

Hapo wengi hudhani kwamba dawa ni kununua godoro gumu. La, si hivyo. Ugumu ni jambo moja, na uzito wa sponji ni jambo jingine. Kiwanda chaweza kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu siku ya kwanza. Ukiibonyeza dukani kwa kiganja, wafurahi. Kisha baada ya miezi michache vijumba vyake vya hewa vyavunjika, nayo yabaki kama mkate uliokaliwa. Wazee walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huo ungefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila duka la magodoro.

Basi, sponji hupimwa kwa kilo katika meta moja ya ujazo. Sponji ya kilo 15 au 18 ni nyepesi mno kwa mtu mzima, sembuse mtu mzito. Kwake yeye yafaa kutafuta ya kilo 30 au zaidi. Muuzaji akisema hajui, au akijibu kwa maneno matamu tu, msigombane naye. Mwombeni mizani.

Ninyi wanafunzi, hapa ndipo mnapoweza kuwasaidia baba na mama zenu. Chukueni daftari. Godoro la sponji tupu lina urefu wa sentimeta 190, upana 140, na unene 20. Geuzeni ziwe meta, mkazidishe: 1.9 mara 1.4 mara 0.2. Jibu ni meta za ujazo 0.532. Sasa godoro liwekwe juu ya mizani ile ipimayo magunia ya mahindi. Likiwa na kilo 8, gawanyeni 8 kwa 0.532, nanyi mtapata 15. Hilo liacheni. Likiwa na kilo 16, mtapata 30. Hilo lastahili kuzungumzwa bei. Kitambaa cha nje chaongeza uzito kidogo, lakini hakiwezi kuficha tofauti kubwa namna hii. Hesabu mliyofundishwa shuleni si ya mtihani peke yake. Leo yaweza kuokoa fedha ya mavuno mazima.

Siku hizi katika miji mikubwa yauzwa pia magodoro ya mseto. Chini mna springi za chuma, juu yake tabaka la sponji au la utomvu wa mpira. Mambo haya mawili hayakuzaliwa siku moja. Springi zilizofungwa moja moja katika vifuko vya kitambaa zilibuniwa huko Kanada karibu na mwaka 1900 na James Marshall. Sponji hizi za leo zatokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani, ambao mwaka 1937 walivumbua namna ya kutengeneza poliuretani. Mseto umeunganisha nguvu ya chuma na ulaini wa sponji.

Kwa mtu mzito mseto una faida tatu. Ya kwanza, springi husukuma juu pale uzito unapokuwa mwingi, wala hazichoki upesi kama sponji nyepesi. Ya pili, kila springi ikiwa katika kifuko chake, mume ageukapo hamwamshi mke, wala mke hateremkii upande wa mume kama mtu aliyelala mlimani. Ya tatu, hewa hupita kati ya springi. Katika joto la bonde la Lualaba, mtu mwenye mwili mkubwa hutoa jasho jingi, na godoro linalopumua ni rehema.

Lakini jina la mseto peke yake si dhamana. Ulizeni mambo haya. Unene wote wa godoro uwe sentimeta 25 hadi 30. Sponji ya juu nayo iwe nzito, kilo 30 au zaidi kwa meta ya ujazo. Kwa kuwa chuma huongeza uzito, mizani haitawasaidia hapa, bali someni karatasi ya kiwanda. Ulizeni pia unene wa waya. Springi mbili za umbo moja na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 1.6 na nyingine ya milimita 2, hazitofautiani kidogo: ile ya pili ni kakamavu zaidi ya mara mbili. Mwisho, kaeni pembeni mwa godoro kama mtu avaaye viatu. Likiwatupa chini, pembe zake ni dhaifu, na mtu mzito hutegemea pembe hizo kila aamkapo.

Msione haya kulala juu yake dukani. Laleni ubavu, kisha chali, dakika kumi bila haraka, mume na mke pamoja ikiwa ni la wote wawili. Mtu wa tatu apitishe kiganja chini ya kiuno cha aliyelala chali. Kiganja kikipita kwa urahisi na nafasi ikabaki, godoro ni gumu mno. Kisipopita kabisa, ni laini mno. Kikipita kwa kubanwa kidogo, limemfaa.

Tukumbuke na kitanda chenyewe. Godoro jema juu ya chaga mbovu ni kama nyumba ya matofali juu ya mchanga. Baba wa kilo 110, mama wa kilo 70, na godoro la kilo 40, jumla ni kilo 220, kabla mtoto hajapanda kati yao. Matendegu manne hayatoshi. Mwambieni seremala atie la tano katikati, chini ya boriti inayokwenda toka kichwani mpaka miguuni. Chaga zisiachane zaidi ya sentimeta 7, ili sponji isiingie katika nafasi. Mifumbati iwe ya mbao ngumu iliyokauka vema.

Sisi wa Ankoro tuna jambo letu la pekee, nalo ni safari. Mji wetu umekaa pale Luvua inapoingia katika Lualaba, wala hakuna reli mlangoni. Reli hufika Bukama na Kabalo, na kati ya miji hiyo mto hupitika kwa boti. Mizigo mingine huja kwa barabara, na sehemu ya mwisho mara nyingi ni baiskeli. Godoro la sponji lakubali kukunjwa na kufungwa kwa kamba. Godoro la springi halikubali. Ukilikunja mara moja tu nyuma ya baiskeli, waya hupindika, na ulichokinunua kwa fedha nyingi kimeharibika kabla hakijalaliwa. Isipokuwa lile lililobanwa na kuviringishwa na kiwanda chenyewe, lisafirishwe likiwa wima au limelala, limefungwa katika plastiki, mbali na maji yaliyo chini ya boti. Kama njia hiyo haipatikani, twasema wazi: sponji nzito iliyofika salama ni bora kuliko mseto uliovunjika.

Mtasema, mambo haya ni ya wenye fedha. Twajua bei. Twajua pia kwamba mwezi wa Novemba 2002 vita vilipoingia Ankoro, nyumba kwa maelfu ziliteketea, na aliyeanza tena tangu mkeka mtupu hahitaji kufundishwa thamani ya godoro. Kwa sababu hiyo hiyo twawasihi mfanye hesabu. Tuseme godoro jepesi ni dola 50, nalo lazama baada ya mwaka mmoja. Jingine ni dola 140, nalo ladumu miaka mitano. Anunuaye lile la kwanza kila mwaka atatoa dola 250, tena atakuwa amelala vibaya miaka yote mitano. Rahisi inavunja upishi. Akina mama wa likelemba wanajua namna ya kufanya: zamu ya mmoja ikifika, badala ya fedha kutawanyika, hununuliwa kitu kimoja chema kinachodumu.

Ambaye hawezi bado, asikate tamaa. Godoro lililoanza kuzama liwekewe ubao chini, ligeuzwe kichwa kiwe miguuni kila mwezi. Godoro la sufi lifumuliwe, sufi ichambuliwe na kuongezwa, kisha lishonwe upya likiwa limeshindiliwa. Sufi na pamba hupenda jua kali, maana jua huzikausha. Lakini sponji isiachwe juani kutwa: hugeuka rangi ya manjano na kumomonyoka. Ianikwe kivulini penye upepo.

Twapenda pia kuonya kwamba godoro si daktari. Maumivu yanayoshuka mguuni, ganzi, au mtu akoromaye mpaka pumzi ikakatika usingizini, hayo yapelekwe hospitali bila kungoja. Na mgonjwa mzito asiyeweza kujigeuza, hata akiwa juu ya godoro bora, ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na visigino, nyonga na kitako vyake vitazamwe. Vidonda vya kulala huanza na wekundu, au na weusi uliozidi ule wa ngozi, kisha hufika hata mfupa. Kazi hiyo ni ngumu kwa mtu mmoja, hasa kwa binti peke yake. Watu wa jumuiya wapeane zamu. Mtakatifu Camillus wa Lellis, aliyefariki mwaka 1614 na ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, alikuwa mtu wa mwili mkubwa, naye alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Hata hivyo aliwahudumia wagonjwa wa Roma kwa mikono yake. Aliyajua maumivu ya mwili, kwa hiyo hakuyadharau ya wengine.

Neno la mwisho tunawaambia wenye nyumba. Mara nyingi godoro jipya likifika huwekwa katika chumba cha wageni, lipate kuonekana, huku nyanya mwenye mwili mzito na magoti mabovu analala juu ya lile la zamani, karibu na magunia. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na heshima hiyo haikomi kwenye salamu za asubuhi. Kabla hamjatoa fedha, ulizeni nyumbani mwenu: ni nani kati yetu aamkaye akiwa amechoka kuliko alivyolala? Kisha nendeni dukani mkiwa na kipimo chake yeye, na uzito wake yeye, na godoro likifika lipelekwe moja kwa moja katika chumba chake.