Mshale wa Kale na Tarakimu Mpya

Umezuka mtindo miongoni mwa wenye magari ya kale wa kung'oa geji zilizotoka kiwandani pamoja na gari, na kutia mahali pake vioo vya elektroni vyenye tarakimu za kung'aa. Kazi hiyo huitwa matengenezo, nayo haistahili jina hilo. Kutengeneza ni kukirudisha kitu katika kazi yake. Kukiondoa na kuweka kingine ni kubadili, na mwenye kubadili ana wajibu wa kuonyesha kwamba kilichoondolewa kilikuwa kimeshindwa. Wajibu huo aghalabu hautimizwi.

Hoja yao ya kwanza ni kuwa geji za kale husema uongo. Na zitazamwe basi. Geji ya mwendo ya sumaku ilipata hataza mjini Berlin mwaka 1902 kwa kazi ya Otto Schulze. Waya wa kuzunguka hutoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku hukivuta kikombe pasipo kukigusa, springi nyembamba hukizuia, na mshale husimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Mshale ukitetemeka, mara nyingi kosa ni la waya uliokauka grisi au uliopindwa mno. Mwendo ukisomwa vibaya, huenda mwenye gari amebadili ukubwa wa matairi. Kadhalika katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960, geji ya petroli na geji ya joto hulishwa na kidhibiti kimoja kidogo cha volti 10. Zikikosea zote mbili kwa pamoja, hicho ndicho cha kutazamwa kwanza, nacho ni kitu cha bei ndogo. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mwenye gari asiyepaka grisi husingizia geji.

Hoja ya pili ni ya hatari, na katika hoja hii wana haki. Geji ya ampea katika magari mengi ya zamani hupitisha karibu umeme wote wa gari ila ule wa stata. Kiungo kikilegea nyuma yake, joto lake laweza kuzaa moto. Bomba jembamba la geji ya oili huleta oili ya moto kutoka kwenye injini hadi dashibodini, na likipasuka humwagia dereva miguuni. Mtu mwenye akili hayapuuzi hayo. Lakini hatari ya waya huondolewa kwa kushughulikia waya, na hatari ya bomba kwa kushughulikia bomba. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai msumeno upitishwe katika ubao wa mjozi wa Jaguar Mark 2.

Tena mabadiliko hayaji peke yake. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi, ilhali vyombo vingi vya elektroni vya leo hutaka ncha hasi. Aliyetaka kioo kimoja tu hujikuta akigeuza umeme wa gari zima, na kila alichogeuza ni mlango mpya wa kasoro.

Husemwa pia kwamba elektroni hudumu. Historia imekwisha kulijibu neno hilo. Aston Martin Lagonda ilionyeshwa mwaka 1976 na kuanza kufika kwa wanunuzi mwaka 1979, ikiwa na dashibodi ya tarakimu za kung'aa iliyoonekana kuwa ndiyo kesho yenyewe. Dashibodi hiyo ikawa ugonjwa mkuu wa gari lile. Geji ya mshale hufunguliwa na fundi mwenye bisibisi na subira. Kioo cha elektroni kikifa, na aliyekiunda akiwa ameacha kukiunda, fundi hana la kufanya ila kukitupa.

Lakini jambo zito kuliko yote ni lile la ukweli. Ndani ya geji ya mwendo mna hesabu ya maili ambazo gari limekwenda. Hesabu hiyo ni ushahidi. Afrika Mashariki yajua thamani ya ushahidi wa namna hii: Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, na magari ya aina hiyo yaliyosalia yana heshima kwa sababu ya barabara yalizozipita. Aking'oa geji mwenye gari, hesabu huanza upya katika sifuri, na mnunuzi ajaye hupewa mzee aliyepakwa umri wa kijana. Hata asipokusudia kudanganya, amekwisha kumwandalia mdanganyifu chombo chake.

Haifuati kwamba elektroni ifukuzwe katika gari la kale. Wapo mafundi wanaotia mota ndogo ya elektroni nyuma ya uso ule ule na mshale ule ule, na dereva asione tofauti. Wapo wanaochora duara ya kilomita kando ya duara ya maili, kwa kuwa alama za barabara za leo ni za kilomita. Hao wanajua adabu ya kazi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Hati ya Turin ya mwaka 2012, liliweka msingi ambao kila gereji ingefaa kuufuata: badiliko lisiloepukika liwe la kuweza kurudishwa. Maana yake ni kwamba tundu jipya lisitobolewe, kilichotolewa kihifadhiwe, na hesabu ya maili iandikwe kabla ya geji kuguswa.

Asiyeweza kustahimili masharti hayo yako magari mapya tele, yenye tarakimu na taa za kila rangi. Anunue moja katika hayo, na gari la kale amwachie mtu anayelitaka lilivyo.