Gari la Umeme na Ndiva ya Upareni

Gari la umeme halichomi petroli wala dizeli. Huendeshwa na mota inayopata nguvu kutoka katika betri kubwa iliyolazwa chini ya sakafu yake, na kwa mtu wa Upareni kazi ya betri hiyo haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa ni ileile ya ndiva, yaani bwawa la udongo na mawe linalojazwa maji ya mfereji usiku kucha na kufunguliwa asubuhi ili mashamba yanyweshwe kwa zamu. Kwa hiyo watu wa Kileo, na wa tambarare yote ya Mwanga na Same, wakiliwaza gari hilo yawapasa waanze na swali la ndiva: nani ataijaza, na kwa gharama ya nani?

Faida yake ni ya kweli. Gari dogo la petroli hutumia lita saba au nane kwa kilomita 100, na kwa kuwa bei ya lita moja imekuwa ikizunguka shilingi 3,000 kwa miaka ya karibuni, safari hiyo hula zaidi ya shilingi 20,000. Gari la umeme la ukubwa huohuo huhitaji uniti (kilowati-saa) 15 hadi 18 za umeme, ambazo hata kwa shilingi 350 kila moja hazifiki shilingi 7,000. Lakini uzuri wake hasa huonekana mlimani. Gari la tani moja na nusu likipanda mwinuko wa mita 1,000 hutumia uniti nne hivi kwa kupanda peke yake, mbali na zile za mwendo. Likiteremka, magurudumu huizungusha mota ikawa jenereta, ikarudisha sehemu kubwa ya uniti hizo katika betri huku ikilizuia gari lisikimbie. Dereva aliyewahi kunusa breki zikiungua katika mteremko wa Usangi au Mbaga ataithamini neema hiyo. Hata hivyo ndiva iliyojaa haipokei maji, na anayejaza betri yake huko juu atateremka isipokee kitu; ndiyo maana mahali pa kuchaji pangefaa pawe chini, tambarare.

Hasara nazo zisifichwe. Bei ya kununua ni kubwa, betri ndiyo kiungo ghali kuliko vyote, na joto kali la tambarare hupunguza umri wake. Tena nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Gari likichajiwa katika mita ya nyumba hiyo litazimaliza uniti hizo kabla ya kilomita 500, na familia nzima, pamoja na taa ya mtoto anayesoma, itaingia katika bei ya juu kwa ajili ya gari la mtu mmoja. Hilo ni jambo la kusikitisha.

Umeme wenyewe hutoka mbali. Nyumba ya Mungu, bwawa lililo jirani, huzalisha megawati 8 tu, ilhali lile la Julius Nyerere huko Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Na Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa umeme mwingi hupotea njiani kuelekea kaskazini, hivyo ni nafuu kununua mwingine kutoka Ethiopia. Na hata umeme huo ukifika nyumbani, soketi ya kawaida hutoa uniti mbili au tatu tu kwa saa, na umeme ukikatika usiku, mwenye gari huamka na betri nusu.

Basi yafaa Kileo ianze na pikipiki za umeme kabla ya magari ya watu binafsi, kama ilivyofanyika Kigali na Nairobi, ambako dereva hubadilisha betri tupu kwa iliyojaa kwa dakika chache. Vikundi vya bodaboda na SACCOS vijenge kibanda kimoja cha kuchajia, chenye paneli za sola za kupokea jua ambalo tambarare hii inalo kwa wingi, kwa msaragambo uleule, yaani kazi ya pamoja, unaozibua mifereji. Mita ya umeme wa usiku, jua lisipokuwapo, iandikishwe kwa jina la kikundi, na zamu zigawiwe kama zamu za maji: za pikipiki za abiria usiku, na ya anayempeleka mgonjwa hospitali saa yoyote.